Mfalme mmoja, meli tano, vichwa viwili: kabla Magellan hajaondoka Hispania

Kwenye shule ya msingi wengi wetu tulikopi hii sentensi kutoka ubaoni: Magellan njo mtu wa kwanza aliyezunguka dunia. Tukakopi, tukapata pointi, tukapita. Kumbe hakumaliza safari. Alikufa njiani mwaka 1521, na aliyerudisha meli nyumbani ni mtu aliyekuwa amemuasi. Lakini leo sitaki kueleza safari yenyewe. Nataka kueleza miezi 18 iliyotangulia, kati ya Machi 1518 na Septemba 1519, wakati meli zilikuwa zinakarabatiwa kwenye mto wa Sevilla na makaratasi yalikuwa yanaandikwa kwa mfalme. Juu mambo yaliharibikia pale, mbele ya kamba kufunguliwa.

Nitasema kwa nini hii habari ilinishika. Tulipomaliza lisansi ya agronomia, tulikuwa watu wanne kwenye projeti ndogo ya mbegu za maharagwe. Mwenye kutoa pesa alitaka projeti iongozwe na makordinateri wawili "kwa pamoja", mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wake. Tulipiga makofi. Karatasi haikusema ni sahihi ya nani inayotosha kufungua depo. Mvua ya Septemba ilianza, huyu anangoja yule, yule iko kwenye mkutano mjini. Siku tulipofungua magunia, wadudu walikuwa wamekwisha kutoboa nusu ya mbegu. Hakuna aliyeiba hata kikombe kimoja. Mpaka leo wale wawili hawasalimiani.

Bon. Twende Hispania.

Magellan alikuwa Mreno, si Mhispania. Alikuwa askari wa bahari wa siku nyingi. Mwaka 1505 alisafiri na kundi la meli za Francisco de Almeida, lile lililoteka Kilwa na kuchoma Mombasa, kwa hiyo pwani ya Waswahili ilimjua vibaya kabla Hispania haijamjua hata kidogo. Alikuwepo Malaka ilipotekwa mwaka 1511. Baadaye alipigana Moroko, akajeruhiwa mguu, akabaki anachechemea. Alipoomba mfalme Manuel wa Ureno amuongezee posho, mfalme akakataa. Oktoba 1517 akaingia Sevilla kutafuta bwana mwingine. Miezi miwili hivi baadaye akafika mwenzake, Rui Faleiro, Mreno pia, mtu wa hesabu na nyota.

Walikuwa wanauza nini? Walikuwa wanauza njia ya karafuu. Hapa mniruhusu kama mtu wa mimea. Mkarafuu wakati ule ulikuwa unapatikana kwenye visiwa vichache tu vya Maluku, katika Indonesia ya leo: Ternate, Tidore na majirani zao. Miti ya Zanzibar tunayoisikia sana ilifika kule karne ya 19 tu. Kwa hiyo aliyeshika vile visiwa vidogo alishika soko lote. Na tangu mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494, Hispania na Ureno walikuwa wamejigawia dunia kwa mstari mmoja uliopita kwenye Atlantiki. Ule mstari ukizungushwa mpaka ng'ambo ya pili ya dunia, Maluku inaangukia upande gani? Hakuna aliyeweza kupima. Magellan na Faleiro walisema: upande wa Hispania, na tunaweza kufika kwa magharibi bila kugusa maji ya Wareno.

Sasa mnaelewa kwa nini walikuwa wawili. Magellan alijua bahari, meli, vita na watu wa Mashariki. Faleiro alidai anajua namna ya kupima longitudo, yaani umbali wa kuelekea mashariki au magharibi. Latitudo wakati ule ilipimwa kwa jua na nyota bila shida kubwa. Longitudo ilikuwa fumbo. Bila Magellan hakuna safari, bila Faleiro hakuna namna ya kusema mbele ya wakubwa kwamba visiwa ni vya Hispania. Uongozi wa watu wawili hapa ulikuwa na maana: kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Mukumbuke hilo, juu baadaye watu wawili watakuwa wengine kabisa.

Hata hivyo ufa ulionekana mapema. Walikuwa wamepatana wasifunue mpango wao bila wote wawili kukubali. Faleiro hajafika bado, Magellan tayari amemwambia Juan de Aranda, mkubwa mmoja wa Casa de Contratación, ile nyumba ya mfalme pale Sevilla iliyosimamia biashara na safari za ng'ambo. Faleiro aliposikia alikasirika sana. Mwishoni Aranda akawafungulia mlango wa kwa mfalme, lakini si bure: walimwandikia sehemu moja ya nane ya faida yao. (Tunawajua watu wa namna hiyo. Kila ofisi iko na Aranda wake.)

Mfalme mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 18. Carlos alizaliwa Gand, ambayo leo ni Ubelgiji, akafika Hispania mwaka 1517 akiwa anazungumza Kifaransa, Kihispania bado. Aliongozwa na washauri wa kwao. Kwa mambo ya ng'ambo, mwenye neno zito alikuwa Juan Rodríguez de Fonseca, askofu wa Burgos, ambaye alisimamia hizo shughuli tangu siku za Columbus. Pembeni alikuwepo Cristóbal de Haro, mfanyabiashara mkubwa aliyegombana na mfalme wa Ureno na kuhamia Hispania. Bartolomé de las Casas, aliyekuwa Valladolid siku zile, aliandika kwamba Magellan alikuja na tufe iliyochorwa nchi na bahari, akaonyesha njia aliyotaka kufuata.

Tarehe 22 Machi 1518, Valladolid, mkataba ukatiwa sahihi. Wengi hudhani mfalme aliwatuma tu kama watumishi, lakini mlio na nafasi musome masharti yake vizuri. Kwa miaka 10 mfalme hatampa mtu mwingine ruhusa ya kutafuta kwa njia ile ile. Wale wawili watapata sehemu moja ya ishirini ya mapato ya nchi watakazozigundua, pamoja na cheo cha ugavana ambacho watoto wao watarithi. Mfalme atatoa meli 5, chakula cha miaka 2 na watu 234. Na wote wawili, Magellan na Faleiro, ni makapiteni wakuu. Wawili sawasawa.

Lakini ndani ya karatasi ile ile kuna kipengele kingine ambacho mtu akisoma haraka anakiruka. Mfalme ataweka watu wake ndani ya meli: mtunza hazina, mhasibu, na waandishi wa kuandika kila kitu kinachoingia na kutoka. Mimi sioni kosa hapo. Ni pesa yake, ana haki ya kuhesabu. Kosa litaanza siku mkaguzi atakapopewa pia usukani.

Matayarisho yalichukua muda mrefu kuliko walivyofikiri. Aranda alinunua meli tano kule Cádiz: Trinidad, San Antonio, Concepción, Victoria na Santiago. Hazikuwa mpya. Sebastião Álvares, mtu wa mfalme wa Ureno pale Sevilla, aliandika kwao kwamba zimechakaa na kujaa viraka, na kwamba yeye angeogopa kuzipanda hata kwenda visiwa vya Canary tu. Huyu alikuwa na sababu ya kusema vibaya, kazi yake ilikuwa kuharibu safari. Alimfuata Magellan mpaka nyumbani kumshawishi arudi Ureno. Balozi wa Ureno, Álvaro da Costa, alifanya vile vile kwa mfalme Carlos. Kila fundi aliyefanya kazi kwenye zile meli alijua kwamba mkubwa wake anaitwa msaliti kwao, na mgeni hapa.

Oktoba 1518 ilitokea fujo ambayo kwangu inaonyesha hali yote. Trinidad ilikuwa imevutwa ukingoni kukarabatiwa. Magellan aliweka bendera zake, zenye alama za ukoo wake, mahali pa alama za kapiteni. Watu wakaona zinafanana na za Ureno. Kundi likakusanyika, kelele, panga zikatolewa, ikabaki kidogo auawe. Aliandika barua ya kulalamika kwa mfalme, na mfalme alimuunga mkono. Lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kusema wanachofikiri.

Pesa ilikosekana pia. Jumla ya gharama ilipita maravedi milioni 8, na katika hizo Haro alileta karibu 1,880,000, hasa kwa bidhaa za kubadilishana: kengele ndogo 20,000, vioo, visu, vitambaa. Ukisoma orodha ya chakula, mtu wa kilimo anafurahi kama mtoto: biskuti ngumu za ngano, divai ya Jerez, maharagwe, dengu, mafuta ya zeituni, vitunguu saumu, samaki wa chumvi, jibini 984, asali, ng'ombe 7 na nguruwe 3. Waliandika mpaka jibini ya mwisho. Sijaona kundi la watu lililohesabu chakula chake kwa uangalifu namna hii. Hata hivyo kwenye Pasifiki walikula ngozi na unga wa mbao, na kiseyeye kiliua watu. Hesabu ilikuwa ya miaka 2 kwa njia ambayo hakuna aliyejua urefu wake.

Yule aliyehesabu jibini 984 hakukaa chini kuhesabu kitu kimoja kidogo zaidi: kapiteni mkuu ni nani.

Mwanzoni mwa mwaka 1519 watu wa Fonseca wakaanza kuingia. Tarehe 30 Machi, Juan de Cartagena aliwekwa kuwa mkaguzi mkuu wa msafara na kapiteni wa San Antonio, meli iliyo kubwa kuliko zote. Watu walimuita mpwa wa askofu. Wengi waliamini ni mtoto wake. Bahari hakuijua. Luis de Mendoza akawa mtunza hazina, Antonio de Coca mhasibu, Gaspar de Quesada kapiteni wa Concepción. Wakati huo huo mfalme akaamuru Wareno wapunguzwe kwenye meli. Magellan akajibu kwamba hana mabaharia: matangazo yalipigwa kwenye miji ya bandari, Wahispania hawakutaka kwenda, safari ndefu na mshahara kidogo. Mwishoni aliajiri aliowapata, Waitalia, Wafaransa, Wagiriki, Waflemi, na Wareno pia, karibu watu 240 kwa jumla.

Tarehe 8 Mei 1519, kutoka Barcelona, mfalme alitoa maagizo marefu ya vipengele 74. Yameandikwa kwa Magellan na Faleiro pamoja. Yanasema namna ya kusafiri, namna ya kuongea na wafalme wa ng'ambo, namna ya kugawa chakula, yaani karibu kila kitu.

Halafu, miezi miwili na kitu baadaye, tarehe 26 Julai, amri mpya: Faleiro abaki nchi kavu, ataenda na msafara mwingine siku nyingine. Kwa nini? Wengine waliandika kwamba alikuwa amepoteza akili. Wengine walisema alitazama nyota zake akaona kifo. Jambo lenye uhakika ni kwamba yeye na Magellan walikuwa hawapatani tena, na wakubwa walichoka na ugomvi wao. Magellan alidai tu aachiwe maandishi ya Faleiro kuhusu longitudo, akayapata, na Andrés de San Martín akachukuliwa kuwa mtu wa nyota. Faleiro huyo hakuenda msafara wowote.

Hadi hapo unaweza kusema: vizuri, sasa kichwa ni kimoja. Hapana. Amri ilisema Cartagena aende mahali pa Faleiro, kama *conjunta persona* ya Magellan. Kwa Kiswahili ningesema "mtu wa pamoja naye". Maneno mawili tu.

Tuyapime kidogo. Faleiro alikuwa kapiteni mkuu, sawa na Magellan. Ikiwa Cartagena amechukua nafasi yake, basi naye ni sawa na Magellan, na hakuna amri inayopita bila kumuuliza. Hivyo njo Cartagena alivyosoma. Magellan alisoma kwa upande mwingine: Faleiro ameondoka, mimi nimebaki kapiteni mkuu peke yangu, huyu bwana ni mkaguzi na kapiteni wa meli moja, basi. Na Magellan alikuwa na ushahidi wake. Kabla ya kuondoka, kwenye kanisa la Santa María de la Victoria, mtaa wa Triana, alikabidhiwa bendera ya mfalme, na makapiteni na maofisa waliapa kumtii na kufuata njia yake. Kwa hiyo mmoja alikuwa na barua na mwingine alikuwa na kiapo. Vyote viwili vilikuwa vya mfalme yule yule.

Mimi siamini kwamba waandishi wa mfalme hawakujua kuandika. Watu walioweza kuandika vipengele 74 wanajua kuandika kipengele cha 75. Naona neno liliachwa wazi makusudi. Mfalme alihitaji ujuzi wa mgeni, lakini hakumwamini. Kumnyima ukuu kungemfanya arudi Ureno. Kumpa wote kungemkasirisha Fonseca na wenye pesa. Basi wakampa kwa mkono mmoja na kumwekea mtu begani kwa mkono mwingine, na kila upande ukaondoka unaridhika. Na mwona tofauti na wawili wa kwanza. Magellan na Faleiro waliwekwa pamoja kwa sababu kila mmoja alikosa kitu. Cartagena aliwekwa ili amchunge Magellan. Ule wa kwanza ni ushirikiano, huu wa pili ni ulinzi uliovaa nguo za ushirikiano.

Meli zilitoka Sevilla tarehe 10 Agosti 1519, na kutoka mdomo wa mto, Sanlúcar, tarehe 20 Septemba. Haikuchukua muda. Karibu na pwani ya Afrika, Magellan alibadilisha njia bila kumuuliza mtu. Cartagena akataka maelezo. Jibu: fuata bendera yangu mchana na taa yangu usiku. Ilikuwa desturi kila jioni meli zikaribie Trinidad kumsalimu kapiteni mkuu. Jioni moja, kutoka San Antonio, alisalimiwa kama kapiteni tu, bila neno "mkuu". Magellan akakasirika, na Cartagena kwa siku kadhaa akaacha kabisa kutuma salamu. Huenda unacheka, lakini wote wawili walielewa vizuri: lile neno moja lilikuwa mkataba mzima. Baadaye kidogo, makapiteni wakiwa wamekutana Trinidad, Cartagena akasema wazi hatamtii tena. Magellan akamshika kifuani na kumfanya mfungwa.

Yaliyofuata mnaweza kuyasoma wenyewe: uasi wa Aprili 1520 kule San Julián, kusini ya Ajentina ya leo, Mendoza kuchomwa kisu, Quesada kukatwa kichwa, Cartagena kuachwa ufukoni pamoja na padri mmoja, hakuna aliyewaona tena. Halafu San Antonio ilitoroka, ikarudi Sevilla na sehemu kubwa ya chakula. Ninachotaka mukione ni hiki: waasi wa San Julián walidai wanatetea amri za mfalme, na Magellan aliwaua kwa kusema anatetea amri za mfalme. Kila mmoja angeweza kuonyesha karatasi.

Magellan alipouawa Mactan tarehe 27 Aprili 1521, mabaharia walimchagua nani mahali pake? Wawili tena, Duarte Barbosa na João Serrão. Siku chache tu baadaye wote wawili wakapotea kwenye karamu ya mtego kule Cebu.

Victoria ilirudi Septemba 1522 ikiwa na watu 18, kati yao Juan Sebastián Elcano, aliyekuwa mmoja wa waasi. Karafuu zilizokuwa ndani zilikaribia kulipa gharama ya meli zote tano. (Na Maluku? Mwaka 1529 Hispania iliuza madai yake kwa Ureno kwa dukati 350,000. Kwa vipimo vya leo visiwa vilikuwa upande wa Wareno.) Mwezi uliofuata Elcano aliulizwa maswali rasmi Valladolid, na swali moja lilikuwa: ugomvi wa Magellan na Cartagena ulitoka wapi? Alijibu kwamba Cartagena alisema, kama mtu wa pamoja, mambo yaamuliwe na wote wawili, na Magellan alikataa kuelewa hivyo. Elcano alikuwa anajitetea, ni kweli. Lakini pale Valladolid, kwenye mji ule ule ambako karatasi ya kwanza iliandikwa, hakuna aliyemuuliza nani aliyeliandika lile neno.

Mwaka 1525 Carlos alituma meli nyingine 7 Maluku, chini ya García Jofre de Loaísa, na Elcano akiwa rubani mkuu. Mara hii kapiteni mkuu alikuwa mmoja. Ndani ya meli kulikuwa na barua ya siri iliyofungwa: Loaísa akifa, ifunguliwe, majina yamepangwa, huyu kisha huyu. Loaísa alikufa Pasifiki Julai 1526. Wakafungua barua, Elcano akashika uongozi bila mtu kuchomoa kisu. Naye alikufa siku chache baadaye, na mwingine akafuata.

Mimi statuti ya projeti yetu ya maharagwe bado ninayo kwenye simu. Wiki iliyopita niliifungua tena. Neno "kwa pamoja" limo mara saba.